Kamera ya Joto kwa Fundi wa Bodi za Simu Mombasa: Ipi Itangulie

Fundi wa Mwembe Tayari anayesaka shoti kwenye bodi ya simu hahitaji hadubini ya joto ya maabara. Kinachomfaa ni kamera ya joto, ile inayogeuza joto la vitu kuwa picha, yenye lenzi ya karibu na programu inayomruhusu kurekebisha vipimo mwenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa kamera ya kuchomeka kwenye simu yenye pikseli 256 kwa 192, mradi iuzwe pamoja na lenzi yake ya kukuza. Kwa pikseli 49,152, kapasita, yaani kijenzi kidogo cha kuhifadhi chaji, iliyopata moto kwa shoti hujitenga na jirani zake. Ifungue programu ukiwa dukani. Ikiwa haina mahali pa kubadili emisiviti, yaani uwezo wa uso wa kitu kutoa mnururisho wa joto, mrudishie muuzaji. Shaba inayong'aa huakisi joto la mkono wako na kukudanganya, ilhali kipande cha tepu nyeusi ya umeme kilichobandikwa juu yake, emisiviti ikiwekwa 0.95, hutoa kipimo cha kuaminika.

Urekebishaji hauongezi pikseli. Huondoa madoa ya kudumu ya kihisio yanayoficha tofauti ndogo za joto. Iache kamera iwake dakika kumi, hasa ikitoka kwenye kiyoyozi kuingia fukuto letu, kisha ipime kwa barafu iliyopondwa ndani ya maji, ambayo ni nyuzi 0. Kwa upande wa juu, elekeza kamera kwenye ubavu wenye masizi wa sufuria ya maji yaliyochemka, iliyoepuliwa punde: hapa pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, kwa hiyo tarajia pungufu kidogo tu. Usipige juu ya mvuke, utaiziba lenzi.

Ya pili ni ya pikseli 160 kwa 120. Lenzi yake ya kukuza iwe ya zinki selenaidi, kwani kioo cha kawaida huzuia mawimbi ya joto ambayo kamera husoma, ya maikromita 8 hadi 14 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na kila ukiivisha kamera lenzi hiyo urudie vipimo.

Hadubini ya joto yenye stendi ni ya tatu: imetulia, lakini nyingi hubeba kihisio kilekile cha 256 kwa 192. Muuzaji akidai inatenganisha vitu vya maikromita 1, usimsadiki, maana mawimbi yenyewe ni marefu kuliko hapo.

Zile za 80 kwa 60 mwachie fundi wa mota.