Nilivyobadilisha shokomzoba na bushi za mbele za Fielder yangu nyumbani

Kwa miezi kadhaa gari langu lilikuwa likigonga. Ko-ko-ko kila nikivuka tuta, na kwenye mashimo ya njia ya kuingia mtaani kwetu Umoja usukani ulivuta kushoto. Kilichoniuma ni kwamba bushi, yaani vile viungo vya mpira na bomba la chuma, zilikuwa mpya. Gereji moja ilikuwa imenibadilishia bushi za mikono ya chini, vile vyuma vinavyoshikilia magurudumu ya mbele kwenye gari, pande zote mbili, nikalipa, na kabla mwaka haujaisha mpira ukawa umepasuka tena. Niliporudi kulalamika nikaambiwa barabara za Nairobi ndizo mbaya. Ni mbaya kweli, lakini jibu hilo halikuniingia.

Nikaamua kuifanya kazi mwenyewe nje ya nyumba, wikendi mbili. Gari ni Toyota Fielder ya 2008.

Spea nilizitafuta Kirinyaga Road: shokomzoba mbili za chapa ya KYB, boljointi mbili za chapa ya 555 (viungo vya kwenye ncha ya mkono, upande wa gurudumu), linki za stabilaiza, mauntingi za juu na bushi. Nenda asubuhi, na ubebe spea yako kuukuu mkononi ulinganishe. Boljointi ya kwanza niliyouziwa ilikuja kwenye boksi safi, lakini shina lake lilizunguka kwa kidole kimoja. Boljointi mpya hukaza, huisogezi bila kutumia nguvu. Niliirudisha palepale, nikapewa pesa zangu. Zile za 555 nilizipata duka jingine, na hadi leo hazijanipa shida.

Kibano cha springi nilinunua kwa shilingi 3,000, na hiki nakisifu kwa tahadhari. Springi ikiwa kwenye shokomzoba tayari imebanwa. Ukifungua nati ya katikati kabla hujaibana zaidi, itaruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Weka vibano viwili vikielekeana, kaza huku kidogo na kule kidogo, hadi springi icheze kwenye kikalio chake. Ndoano za kibano changu hazina pini za kuzuia, na moja iliteleza kama sentimita moja nikiwa katikati ya kazi. Nilisimama, nikalegeza taratibu, nikaanza upya. Ukiweza, ongeza pesa upate chenye pini. Na gari likae kwenye stendi za chuma, si kwenye jeki peke yake, wala si juu ya mawe ya ujenzi. Mawe hupasuka bila kukuonya.

Shokomzoba kuukuu ya kushoto ilikuwa imelowa mafuta, na niliposukuma chuma chake chini kilibaki hukohuko. Ya KYB hupanda yenyewe polepole, maana ina gesi ndani.

Sasa bushi. Nyumbani sina presi, mashine ya kusukumia bushi kwa nguvu, kwa hiyo mikono niliipeleka kwa fundi mmoja mzee wa jua kali. Alipomaliza akanishika bega: "Kijana wangu, hizi usizikaze gari likiwa linaning'inia." Nikamuuliza kwa nini, akanieleza kwamba mpira wa bushi umegandishwa kwenye bomba la ndani, na bolti ndiyo hulibana bomba hilo lisizunguke. Mpira haugeuki, unasokotwa. Kwa hiyo mkono ukikazwa magurudumu yakiwa hewani, ukishusha gari mpira unasokoteka na kubaki hivyo usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Upande wa kushoto nilichora mstari wa rangi nyeupe kutoka bomba la ndani, juu ya mpira, hadi kwenye chuma cha mkono. Nikakaza bolti mkono ukiwa umening'inia, kisha nikainua boljointi kwa jeki mpaka bodi ikaanza kuachana na stendi. Mstari ulikuwa umenyooka. Sasa ulipinda kama mundu, na pembeni mpira ulianza kukunjamana. Nikalegeza bolti palepale nilipokuwa, uzito ukiwa umelalia jeki kama unavyolalia gurudumu. Mpira ukajirudi, ukatulia. Ndipo nikakaza kabisa.

Ile gereji ilifanya kazi yote gari likiwa juu ya lifti. Nilikuwepo, niliwaona wakikaza bolti zote hukohuko juu.

Nati za magurudumu nilikaza kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, hadi Nm 103, kisha nikaenda kufanyiwa alaimenti, yaani kunyooshewa magurudumu, siku hiyohiyo; ukishagusa shokomzoba usiiahirishe, tairi zitaliwa upande mmoja. Sasa ni miezi minane. Napita Outer Ring Road na Kangundo Road kila siku ya kazi, na usukani umenyooka. Kila mwezi nainama na tochi kuangalia bushi, na hazina ufa. Kibano kiko kwa jirani wa ploti ya pili, naye ana Probox inayogonga vilevile, na jambo la kwanza nililomwambia ni lile la bolti.