Elfu Tano ya Ufunguo wa Choo: Yaliyonikuta Lushoto

Nilijiambia nipoe kwanza ndipo niandike. Sijapoa.

Ilikuwa mwezi wa sita au wa saba hivi, shule zimefungwa. Mume wangu akasema safari hii tusiende kwa mama yake, twende milimani, mtoto alale kwenye hema aijue baridi. Tukapandisha kutoka Mombo, zile kona zote mpaka Soni, mtoto akatapika mara mbili, mimi nachungulia bonde huku nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Tukafikia gesti moja nje kidogo ya Lushoto mjini, yenye vyumba vichache na uwanja wa mahema pembeni. Tukachukua chumba, na hema la kulala na mtoto. Jina nalihifadhi. Ukiona kibao kimeliwa na kutu kinajisifu kuwa na maji ya moto saa 24, ujue umefika.

Maji ya moto hayakuwepo. Nikasamehe. Shuka lilikuwa na muhuri wa gesti nyingine kabisa, ya Korogwe. Nikacheka, nikasamehe. Choo cha chumbani hakivuti maji, nikaambiwa "mtatumia cha wenye mahema." Sawa. Kumbe cha wenye mahema kina kufuli, na ufunguo hutolewa kwa dhamana ya shilingi elfu tano. Ufunguo wenyewe umefungwa kwenye kipande cha kandambili ya bluu, umelowa, unaushika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Nikatoa hela. Tukautumia, saa mbili usiku nikaurudisha mwenyewe mapokezi. Kijana akaupokea macho yapo kwenye simu. Na dhamana? "Utachukua kesho."

Saa nane usiku mtoto akaniamsha hemani: mama, tumbo. Nikatoka na tochi ya simu, baridi inakata masikio, nikagonga mapokezi mpaka vidole vikauma. Kijana akafungua dirisha upana wa kiganja. Ufunguo? Dada wa usafi kaondoka nao, atakuja saa moja asubuhi. Nikamwambia kaka, nina mtoto wa miaka sita hapa, kashika tumbo. Akaniangalia, akasema: "Si mmekuja kupiga kambi? Pori lote hilo ni choo." Akafunga dirisha.

Mimi si mtu wa kukosa maneno, aliyewahi kukaa na mimi anajua. Usiku ule nilikosa.

Aliyetuokoa ni mlinzi, mzee mmoja wa koti zito na kofia ya sufi, amekaa na karai lake la mkaa karibu na geti. Alikuwa amesikia yote. Sikumaliza hata shikamoo, akasema mlete huyo mjukuu wangu. Akatupeleka nyuma ya migomba kwenye choo chake mwenyewe: cha shimo, pazia la gunia, sakafu imefagiliwa, majivu kwenye kopo. Akamimina maji kutoka kwenye birika lililokuwa juu ya mkaa, akayachanganya na ya baridi, akayajaribu kwa kidole kwanza. Ndiyo maji ya moto ya kwanza niliyoyaona tangu tufike.

Asubuhi, nisidhulumu haki, hasira zilipungua. Tulitembea mpaka Irente, tukakaa juu ya mwamba, ukungu ukafunguka taratibu, na huko chini kabisa tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge yamenyooka kama nywele zilizosukwa. Mtoto akauliza kama yale ni magari au sisimizi. Nikajikuta namwambia mume wangu, ah, pamoja na yote nitawapa nyota tatu.

Tukarudi kufunga mizigo. Yule kijana, bila hata salamu: "Dada, leteni ufunguo wa choo ndiyo nirudishe dhamana." Mimi! Ufunguo niliomkabidhi mkononi! Nikapandisha sauti, naye akapandisha, wageni wakatoka vyumbani na miswaki midomoni. Katikati ya kelele akapita dada wa usafi na ndoo yake, kandambili ya bluu inaning'inia kwenye mfuko wa aproni. Kijana akaitazama, akanitazama, akasema, "Basi sawa." Pole hakuna. Na elfu tano yangu? "Sina chenji."

Nyota moja. Nayo ni ya babu, ambaye mume wangu alimwachia hela ya sukari, na mtoto mpaka leo anasimulia choo cha babu kuliko Irente yote. Sirudi. Labda nirudi kumsalimia tu, niishie getini.

Tulipofika Soni mume wangu akaingiza mkono mfukoni kutafuta hela ya karoti, akatoa ufunguo wa chumba. Alisema tuutume kwa basi. Nimemwambia sina chenji. Uko hapa kwenye droo ya vijiko.