TAHADHARI: Hita za gesi "za wavuvi wa barafu" zinazouzwa mialoni Kigoma

Ndugu zangu wavuvi, akina mama wa dagaa na matajiri wa maboti, kuanzia Kibirizi na Katonga mpaka Ujiji na makambi ya kusini, someni hili hadi mwisho kisha mwambieni na mwenzenu asiye na bando.

Kuna jamaa anapita mialoni na kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza hita ndogo za gesi. Anasema ndizo wanazotumia wavuvi wa Kanada wakiwa kwenye mahema juu ya barafu, kwamba unaiwasha ndani ya turubai, unafunga, unalala hadi kunakucha. Usinunue. Kama umeshanunua, leo usilale nayo.

Mimi ni fundi wa majiko ya gesi hapa Mwanga. Wateja wameniletea hizi hita, nimezifungua mwenyewe mezani, na nilichokiona humo ndani ndicho kinachonifanya niandike.

Anavyouza ni hivi. Anaanza kwa kukutumia video: mzungu amekaa ndani ya kihema, ziwa lote limeganda, mbele yake kuna tundu limetobolewa kwenye barafu, ameshusha ndoano, na pembeni hita inawaka nyekundu. Video yenyewe ni ya kweli, maana Kanada, Finland na Minnesota kule Marekani watu huvua hivyo wakati wa baridi. Akishakuvutia hapo anahamia kwetu: baridi ya alfajiri umerudi na boti umelowa chapachapa, upepo wa Juni na Julai, mvua inayoharibu dagaa kwenye chanja. Anayajua maisha yetu vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Halafu anaomba nusu ya bei kwa simu, nusu nyingine mzigo ukifika kwa basi. Duka hana, risiti hatoi. Ukimpigia kulalamika anasema fundi wako ndiye kaiharibu.

Sasa kuhusu kitu chenyewe. Hita halisi ya namna hiyo ina mambo mawili yanayolinda uhai. La kwanza, ikianguka inajizima. La pili, hewa ndani ya hema ikipungua oksijeni, inajizima. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21. Hita nzuri hukata gesi ikishuka kukaribia asilimia 18. Hakuna kompyuta humo. Ni kimoto kidogo cha kuwashia kinachochoma ncha ya kijiti cha chuma, na kijiti hicho kikipata moto ndicho kinachoshikilia valvu ya gesi iwe wazi. Oksijeni ikipungua, kile kimoto kinahama kutoka kwenye ncha, kijiti kinapoa, valvu inajifunga.

Kwenye hizi za huyu jamaa, kijiti kipo lakini ni pambo. Kimechomekwa kwenye tundu lake, ukikigeuza kwa nyuma unakuta hakina waya wala mrija wowote unaokwenda kwenye valvu. Kimekatika hapohapo, kimebandikwa gundi nyeusi. Swichi ya kuanguka nayo ni kibonye cha plastiki kilichogandishwa kwenye bodi. Nimeilaza hita chali ikiwa inawaka, nje uwanjani, na ikaendelea kuwaka tu.

Wewe ambaye si fundi unaweza kuitambua hapohapo dukani au stendi kabla hujalipa. Hita yenye usalama wa kweli, ukiiwasha, lazima ushikilie kitufe umekibonyeza kwa muda, kama nusu dakika, ndipo ukiachia moto ubaki. Ule muda ni wa kijiti kupata joto. Ukiona mtu anawasha, anaachia palepale, na moto unabaki bila shida, usimsifie kwamba hita yake ni nyepesi kuwaka. Hapo valvu iko wazi tu, haitegemei kijiti. Vilevile angalia boksi. La huyu jamaa upande mmoja limeandikwa BTU 9,000, upande wa pili wati 4,000, na vyote viwili ni vipimo vya nguvu ya joto. BTU 9,000 kwa saa ni kama wati 2,600 tu. Aliyechapa boksi hakujua anachokiandika.

Kuna na suala la mtungi. Hita za kule zimetengenezwa kufungwa moja kwa moja kwenye chupa ndogo ya gesi isiyofika hata nusu kilo, na regulata iko ndani ya hita yenyewe. Sisi tuna mitungi ya kilo 6 na 15. Huyu muuzaji anakupa mpira wa kawaida wa jiko na kiungio cha kuchonga, anakuambia toa regulata ili moto uwe mkali. Msikubali kabisa. Presha iliyo ndani ya mtungi ni makumi ya mara zaidi ya ile inayotoka kwenye regulata ya jiko, na ule mpira haukutengenezwa kuibeba. Ukichomoka, gesi haipandi juu. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, mahali palepale mlipotandika mikeka.

Akina mama, hili la kukausha dagaa niliseme wazi kwa sababu kuna wenzenu wamechanga fedha za kikundi kwa ajili yake. Hita isiyo na bomba la kutolea moshi haikaushi dagaa ndani ya turubai lililofungwa. Gesi ikiungua inatoa maji: kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Mvuke huo unabaki humohumo, unageuka matone kwenye turubai, unadondokea dagaa. Ndiyo maana asubuhi mnawakuta wanateleza na wananuka. Si kwamba mmekosea kupanga, ni kitu chenyewe hakiwezi kazi hiyo.

Hatari kubwa kuliko zote haionekani. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa ile ile ya jiko la mkaa ambayo kila mwaka tunasikia imeua watu waliolala nalo ndani. Haina harufu, haina rangi. Harufu mnayoisikia gesi ikivuja imeongezwa makusudi ili mshtuke; hii ya sumu hakuna aliyeiwekea harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Kwetu mtu akijisikia hivyo anasema malaria imepanda, anajifunika, analala tena. Vijana wa kambi moja walinihadithia wenyewe: wote ndani ya turubai waliamka wanatapika, aliyetoka nje akapata nafuu, aliyebaki akazidiwa. Ukiona watu kadhaa wa sehemu moja wanaumwa kwa pamoja na wakitoka nje wanapata nafuu, shuku hita au jiko kwanza.

Likitokea, wote nje mara moja, zima mtungi kama unafikika, kisha hospitali, Maweni au kituo cha karibu, hata kama mgonjwa anasema amepona. Mwambieni daktari neno hili: tulilala na moto wa gesi ndani. Msiache, kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa wakati damu imejaa sumu.

Hata hita halisi, yenye usalama wake wote, haikutengenezwa kwa watu kulala nayo kwenye hema lililofungwa. Wavuvi wa barafu wenyewe huelekezwa kuacha matundu ya hewa, chini na juu, na wengi hutundika kengele ya kupima hiyo sumu. Huyu jamaa kwenye video yake amekata kipande hicho.

Ndugu zetu wa Kasulu na Buhigwe mnaofuga vifaranga, nasikia amewafikia pia. Ni hita ileile. Banda mlilolifunga kwa nailoni ili joto lisitoke linamfunga na kijana anayelala humo kuangalia vifaranga.

Jina lake na namba siweki hapa, nimeshazipeleka kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, na polisi. Ukitumiwa ujumbe wa kuomba utangulize hela, utume kwenda 15040. Aliyenunua asitupe boksi wala asiuze hita kwa mwingine ili kuokoa hela yake. Tunza boksi, ujumbe wa muamala na mazungumzo yenu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani au TBS, shirika la viwango. Ukitaka nikufungulie uone kijiti kilivyokatwa, niletee Mwanga bila mtungi. Sitakutoza kitu.