Buti za baridi: nilivyokosea, na ninavyochagua sasa

Haya wadau, habari za saa hizi. Mnajua kazi yangu ni kupandisha wageni Kilimanjaro, na tangu Juni iingie swali ni lile lile: "Kaka, nichukue buti gani za baridi?" Leo nimeleta jozi mbili. Ngoja niisogeze kamera.

Hii nyeusi ya ngozi niliinunua zamani kidogo. Nzito, ngumu, kama ya jeshi, nikajua hapo nimelamba dume. Angalia mbele ilivyochongoka. Usiku wa kileleni nikavaa soksi mbili nene, nikakaza kamba, saa sita tukatoka kambi ya Barafu. Kufika saa tisa vidole sivisikii kabisa. Nikailaumu buti kwamba haina joto. Kumbe shida ilikuwa nafasi: soksi ya pili imebana mguu, damu haipiti vizuri, na ile hewa inayokaa kwenye sufu ikatunza joto imekamuliwa yote.

Kwa hiyo mimi naanza na upana wa mbele. Nenda kujaribu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa mizunguko ya kutwa, na uende na soksi zako za mlimani. Chomoa soli ya ndani, iweke chini, simama juu yake. Hivi. Unaona kidole changu cha mwisho? Kimetoka nje ya soli! Na nilikuwa nakilazimisha kiingie humo. Sasa ya hii ya kijivu... vidole vyote ndani, na pembeni kumebaki. Kisigino lakini kisipwaye, kikipwaya utapata malengelenge.

Halafu tafuta ngazi, shuka nayo kwa kukanyaga kwa nguvu. Kidole gumba kikigonga mbele, hiyo acha. Maana ukishafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, siku hiyo hiyo wengi wanateremka mpaka kambi ya Mweka, karibu mita 2,800 za kushuka tu. Kucha nyingi zinafia pale.

Sponji sasa, ile ya ndani ya soli, chini ya mguu. Dukani kila sponji ni laini, Moshi kuna joto. Baridi ikiingia, sponji inakakamaa. Hii ya kijivu niliilaza kwenye friza (mke wangu hakufurahi), asubuhi nikaibonyeza kwa dole gumba: imekaza, lakini bado inabonyea. Ile nyeusi ni kama tofali. Ndiyo maana mlimani buti zangu nalala nazo ndani ya hema, haziachwi nje. Ila msikimbilie sponji nene kama godoro, kwenye mawe kifundo kitayumba.

Uzito nimeupima kwa mizani ya unga: ya kijivu gramu 520 kwa mguu mmoja, nyeusi 840. Hesabu hatua za siku sita halafu uniambie.

Kuna wanaouliza buti za Altra Lone Peak, zile za shingo ndefu. Ni nyepesi, mbele ni pana kweli, sponji na soli kwa pamoja ni kama milimita 25, na kisigino kiko usawa mmoja na vidole. Kama umezoea kisigino kilichoinuka, misuli ya nyuma ya mguu itakusumbua, kwa hiyo anza kuzivaa wiki kadhaa kabla ya safari.

Na nyie wa mitumba, soko la Memorial hapa Moshi mnapata mali nzuri, sikatai. Lakini kuna aina ya soli ambayo sponji yake huoza yenyewe kwa kukaa tu, hata kama buti juu inang'aa. Ikunje, tazama ubavuni. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, au ukikwaruza kwa kucha unga unatoka, weka chini, hata kama ni elfu kumi. Mgumu mmoja, yaani mpagazi, soli yake ilibanduka tukiwa kambi ya Karanga, tukaifunga kwa kamba ya hema mpaka chini.

Kasoro ya hii ya kijivu: kamba zinateleza, funga fundo mara mbili, na kitambaa kinapitisha upepo, kwa hiyo usibanie pesa ya soksi ya sufu. Moja nene, sio mbili. Lakini ndiyo ninayopanda nayo Jumamosi.

Hii nyeusi nimempa shemeji, anaendea shambani. Mguu wake mwembamba.