HP EliteOne 800 G4 au EliteDesk 800 G4: kompyuta ipi ya mtumba inafaa kwa gemu?

Katika maduka ya kompyuta za mtumba, yawe ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au ya Moi Avenue jijini Nairobi, mteja anayetafuta mashine ya kuchezea gemu bila kumaliza akiba yake yote huonyeshwa aina mbili. Ya kwanza ni ile inayoitwa all-in-one, ambayo skrini, prosesa, diski na spika vyote vimo ndani ya kipande kimoja. Ya pili ni boksi la kusimama, ambalo wauzaji wengi huliita CPU, linalouzwa peke yake au pamoja na monita. Nimezilinganisha HP EliteOne 800 G4, ambayo ni ya kipande kimoja, na HP EliteDesk 800 G4 ya tawa, yaani boksi la kusimama, kwa sababu hizi ni ndugu wa tumbo moja. Zote ni za mwaka 2018, zote zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, na zote huja mara nyingi na prosesa ya Core i5-8500 yenye kori sita, RAM ya DDR4 na nafasi ya SSD (diski ya kasi) ya M.2, yaani ile ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi. Kwa kuwa injini ni moja, tofauti yoyote itakayoonekana wakati wa kucheza inatokana na umbo, wala si na kasi ya prosesa.

Uamuzi wangu nautoa mapema: kwa gemu, nunua boksi. Hata hivyo si kila boksi linalopangwa dukani linastahili jina la kompyuta inayoweza kuboreshwa, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoingizwa mjini.

Tuanze na EliteOne, kwa maana sifa zake si za kubeza. Skrini yake ya inchi 23.8 ina ung'avu (resolution) wa pikseli 1920 kwa 1080, rangi zake zimetulia hata ukiitazama kwa pembeni, spika zake zinatosha kwa filamu chumbani, na waya wa umeme ni mmoja tu. Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja, au mhasibu anayefanyia kazi nyumbani, ataifurahia sana. Mezani inapendeza kuliko tawa lolote, na sidhani kama kuna ubishi juu ya hilo.

Shida inaanza unapowasha gemu. EliteOne nyingi zinazofika huku hazina kadi ya michoro, bali hutegemea Intel UHD 630 iliyo ndani ya prosesa, ambayo haina kumbukumbu yake yenyewe na hivyo huazima RAM ya kompyuta. Kwa gemu nyepesi kama Valorant, ambayo iliundwa makusudi iweze kuchezeka kwenye mashine dhaifu, mambo huenda. GTA V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, nayo inachezeka ukikubali kushusha ubora wa picha na ung'avu wa skrini. Lakini EA Sports FC 24 ilitaka angalau kadi ya GTX 1050 Ti yenye kumbukumbu ya GB 4, tena hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mtu aliyenunua kompyuta ili acheze mpira na wenzake, badala ya kwenda kulipia kwenye banda la gemu, atakuwa amefika ukingoni siku ya kwanza.

Utaambiwa kwamba unaweza kuongeza RAM, na ni kweli. Ukiilaza EliteOne kifudifudi juu ya taulo, ukatoa mguu wake na kufungua mgongo, utakuta sloti mbili za RAM fupi, zile zile za laptopu. Ikiwa ilikuja na kipande kimoja cha GB 8, kuongeza cha pili kinacholingana nacho kutaisaidia UHD 630 kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu vipande viwili hupitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ushauri huu unafaa hata kwa tawa ambalo bado halijawekewa kadi. Unaweza pia kubadilisha SSD, na gemu zitafunguka upesi zaidi. Baada ya hapo hakuna lingine, kwa kuwa hamna sloti ya kuchomeka kadi kamili ya michoro, na hata kama ingekuwepo, feni na njia za hewa zilizomo ni nyembamba mno kuweza kutoa joto la kadi hiyo.

Ni kweli zipo kompyuta za kipande kimoja zilizotengenezwa kwa kuwafikiria wachezaji. Dell Inspiron 27 7775 ya mwaka 2017 ilikuwa na prosesa ya Ryzen na chipu ya Radeon RX 580, ambayo kwa wakati wake ilistahili heshima. Ila mwenye nayo leo, hata skrini yake ikiwa bado inang'aa kama mpya, hana pa kuitoa chipu hiyo wala pa kuweka nyingine. Kasoro ya aina hii haionekani dukani. Huonekana miaka mitatu baadaye, gemu mpya zinapokataa kufunguka.

EliteDesk ya tawa haina uzuri wowote wa kuutaja. Kifuniko chake cha ubavuni hufunguka bila bisibisi, na ndani kuna sloti nne za RAM ya kawaida, nafasi ya diski zaidi ya moja, na, lililo kubwa kuliko yote, sloti ndefu ya PCIe x16, ambayo ndiyo ya kuchomekea kadi ya michoro. Sloti hii hutoa umeme usiozidi wati 75, na kadi kadhaa nzuri huridhika na kiasi hicho bila kuhitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai. GTX 1650 ya mwaka 2019 ni mojawapo, japo yapo matoleo yake yenye tundu la pini sita, kwa hiyo itazame kadi yenyewe kabla ya kulipa. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, hutumia wati 70 tu, nayo kwa maoni yangu ndiyo chaguo bora kwa boksi la namna hii ikiwa mfuko unaruhusu. Unaondoa kibati cha nyuma, unaikandamiza kadi mpaka usikie kitasa kidogo cha sloti kikishika, unahamisha waya wa monita kutoka kwenye tundu la zamani hadi kwenye tundu la kadi, kisha unaweka programu ya kuiendesha. Kompyuta ile ile ya i5-8500 iliyokuwa ikihema kwa GTA V sasa inaicheza kwa ung'avu kamili wa skrini, na FC 24 inafunguka bila kelele.

Sasa mitego. Jina EliteDesk 800 G4 linabebwa na maumbo matatu, na tangazo la mtandaoni mara nyingi halitaji ni lipi. Lile dogo la kulala, linaloandikwa SFF, hukubali kadi nusu kimo peke yake, ambazo ni chache na bei yake hupanda kwa sababu hiyo hiyo. Lile dogo kabisa, la ukubwa wa kitabu kinene, halipokei kadi ya kawaida hata moja, na mchezaji akilinunua anakuwa amenunua EliteOne isiyo na skrini. Kwa hiyo usikubali maneno ya "hii ni desktop, utaongeza chochote" mpaka uone tawa lenyewe kwa macho.

Mtego wa pili ni pawa saplai. Tawa hili lilitoka kiwandani na ya wati 250 au ya wati 500, na kibandiko kilichomo ndani kinasema ni ipi. Ya wati 250 inatosha kwa kadi za wati 75, basi. Anayeota RTX 3060, inayokula wati 170 na kudai waya wake wa pini nane, atahitaji ile kubwa, na hapo ajue kwamba HP haikutumia plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi hii, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida ya dukani haitaingia bila adapta. Nawalaumu watengenezaji kwa jambo hili, maana Dell nao wanafanya vivyo hivyo kwenye OptiPlex, na mnunuzi wa pili ndiye anayebeba mzigo.

Kuhusu kadi zenyewe, soko limejaa za bandia, hasa zile zinazouzwa kwa jina la GTX 1050 Ti ilhali ndani ni chipu kuukuu iliyobadilishwa jina. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu toleo lake la Oktoba 2018, hutambua nyingi kati ya kadi feki za NVIDIA, na muuzaji anayekataa kuifungua mbele yako amekwisha kukujibu.

Skrini nayo ina hoja yake. Ile ya EliteOne huonyesha fremu 60 kwa sekunde, na huwezi kuibadilisha ukapata ya 144 kama ile ya mwenzako anayecheza Counter-Strike 2. Isitoshe, kompyuta nyingi za kipande kimoja hazina tundu la kuingizia picha kutoka nje, kwa hiyo madabodi ikifa, kioo kizima hubaki pambo. Zamani baadhi ya iMac ziliweza kutumika kama monita ya kompyuta nyingine, lakini Apple iliacha jambo hilo ilipoleta skrini ya 5K mwishoni mwa mwaka 2014. Tawa likifa, monita inabaki na kazi yake. Kwa sisi tunaoishi na umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo, hesabu hii ina uzito, ingawa vyovyote iwavyo UPS ni lazima.

Nimeulizwa kwa nini nisipendekeze G3, toleo lililotangulia, lililo nafuu zaidi. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi huanzia prosesa za Intel za kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. G3 ina kizazi cha sita au cha saba. Valorant, ikichezwa kwenye Windows 11, hudai pia TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka), na G4 inavyo vyote viwili.

Bei hubadilika kila kontena linapoingia, kwa hiyo sitazitaja, ila utaratibu wa kununua haubadiliki. Chukua tawa na monita yoyote iliyo nzima, cheza gemu nyepesi kwa UHD 630 huku ukidunduliza, kisha nunua kadi baadaye. Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji aiwashe huku akibonyeza F10 ili uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Mashine nyingi zilizotoka maofisini zimefungwa kwa nywila ya mwenye mali wa kwanza, ambaye yuko ng'ambo na hatafutiki, na bila nywila hiyo hutaweza kuwasha Secure Boot wala kubadilisha mpangilio mwingine wowote. Ikiombwa nywila ambayo muuzaji hana, omba boksi jingine.