Hifadhi ya Kitulo: Chagua Mwezi Kwanza, Gari Baadaye

Mtu anayepanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo anapaswa kuamua mwezi wa kwenda kabla hajatafuta gari, mahali pa kulala au wenzake wa safari, kwa sababu uwanda ule ule unaosifiwa na aliyefika Februari humkatisha tamaa aliyefika Julai. Wengi tunaoishi Mbeya huahirisha safari hii hadi barabara zikauke, na tunapofika juu tunakuta nyasi za kahawia, upepo na baridi. Ukweli usiopendeza ni kwamba maua na barabara nzuri havipatikani kwa wakati mmoja.

Kitulo ipo katika mikoa ya Mbeya na Njombe, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, na sehemu kubwa ya uwanda wake iko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikiwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji huuita uwanda huo Bustani ya Mungu. Zimeorodheshwa aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Anayetaka simba na tembo aelekee Ruaha, wala hilo si kasoro ya Kitulo.

Msimu wa maua huanza mvua zinapokolea, kuanzia Desemba hadi Aprili, na okidi hufikia kilele chake mwezi wa Februari. Huo ndio wakati ninaoupendekeza, pamoja na matope yake. Asubuhi nyingi huanza na ukungu mzito kiasi cha kutoona mtu aliye hatua chache mbele yako, kisha jua hutoka kwa saa kadhaa, na mchana mvua hurudi. Kwa hiyo kutembea kuanze mapema, hata kama mbingu inatisha. Kati ya Juni na Agosti usiku huwa wa baridi kali na sakitu hutanda juu ya nyasi. Septemba na Oktoba ni miezi mizuri kwa mtu anayependa kutembea milimani kuliko kutazama maua, kwani ardhi ni kavu na siku isiyo na ukungu humruhusu kuona mbali.

Njia inayotumiwa zaidi huanzia Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Iringa, na kupanda hadi Matamba kupitia kona kali zinazojulikana kwa idadi yake, hamsini na saba. Njia nyingine huacha barabara ya Tukuyu pale Isyonje, na humfaa anayetaka kuunganisha safari yake na Mlima Rungwe au Ziwa Ngozi. Wakati wa mvua usikubali gari lolote lisilovuta kwa magurudumu yote manne, hata dereva akiapa kwamba analijua eneo hilo tangu utotoni. Kabla ya kulipa, kagua matairi kwa macho yako mwenyewe.

Ndani ya hifadhi kazi hufanywa kwa miguu, na hapo ndipo fedha ya mwongozaji huonekana thamani yake. Maua yanayojionyesha, kama Kniphofia yenye vichwa vyekundu na vya manjano vinavyozingirwa na ndege aina ya chozi, kila mtu atayaona. Okidi ni jambo jingine. Nyingi zimejificha chini ya nyasi, usawa wa kifundo cha mguu, na mtu mgeni huzipita bila kujua. Mwongozaji huzitenganisha nyasi kwa fimbo, nawe hupiga magoti kwenye unyevu ili uone ua dogo lenye alama ndogondogo na mkia mwembamba nyuma yake. Ukisimama magoti yako yamelowa, na hujutii.

Mwongozaji mzuri pia atakueleza kwa nini viazi vya okidi huchimbwa kwa siri. Husafirishwa Zambia, ambako husagwa na kuchanganywa na karanga kutengenezea chikanda, chakula kinachopendwa sana huko, na biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kuufanya uwanda huu kuwa hifadhi. Wapenda ndege waulizie tandawala wa Denham na mbayuwayu wa bluu. Kipunji, tumbili aliyegunduliwa na wanasayansi mwaka 2003, anaishi katika msitu wa Livingstone ndani ya hifadhi, lakini kumwona kunahitaji subira na bahati, kwa hiyo safari nzima isipangwe kwa ajili yake.

Malazi ni machache na ya kawaida. Nyumba za wageni za Matamba zinamtosha asiyedai anasa, na kupiga hema ni kwa mwenye mfuko wa kulalia unaostahimili baridi. Chukua sweta mbili, koti la mvua na mabuti ya mpira. Ukijipikia, acha maharage nyumbani: katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, na utalala njaa ukiyasubiri. Viingilio vya hifadhi za taifa havilipwi kwa fedha taslimu, basi shughulikia malipo ukiwa bado mjini.

Ziara ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Mbeya siipendekezi, kwani saa bora za asubuhi huishia njiani. Kwa Februari, ukilala Matamba na kuwa na mwongozaji, naipa Kitulo nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa Julai naipa mbili. Mwenye mapafu mazuri na siku za ziada aulizie njia ya miguu inayovuka milima ya Livingstone hadi Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, na apange mapema gari la kumchukua huko chini.