TAHADHARI: "Seti kamili" ya stopa za domino inayotangazwa WhatsApp

Mafundi wa Nsambya, Bwaise na Ndeeba, nanyi mlio Arua, Mbale na Mbarara mnaonunua vifaa kwa simu: kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya maseremala akitangaza "seti kamili ya domino, orijino ya Ujerumani" kwa bei ya kutamanisha, yaani vifaa vya mashine ya kutoboa matundu ya kuungia mbao kwa ndimi (vipande vidogo vya mbao vinavyoingia kwenye bodi zote mbili). Anasema ina stopa mbili za pembeni (za kupanga umbali sawa kati ya matundu), stopa ya mbao nyembamba, bamba la kupanua kitako cha mashine na biti za ziada. Dipoziti anaitaka kwa mobile money, mzigo anautuma kwa boda au basi, na ukianza kulalamika simu haipokelewi tena. Picha anazoweka ni za kasha la Festool lenyewe, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza mashine hiyo. Kinachofika ni alumini iliyochongwa ovyo, haina jina wala namba ya kifaa.

Wengi wananaswa na video yake, maana ndani ya video stopa zinafanya kazi. Anatoboa matundu matano kwenye bodi moja, matano kwenye nyingine, anapachika ndimi, bodi zinafunga vizuri. Sasa itazame tena, macho yakiwa kwenye kitufe cha kuzungusha kilicho juu ya mashine, kile cha upana wa tundu. DF 500 (domino ndogo ya Festool; kubwa yake ni DF 700) ina nafasi tatu: ya kwanza hutoa tundu la upana wa 13 mm ukijumlisha kipenyo cha biti, ya pili 19 mm na kipenyo, ya tatu 23 mm na kipenyo. Yeye amekiweka kwenye nafasi ya tatu kwa bodi zote mbili. Hapo kila tundu lina nafasi ya ziada ya 5 mm kila upande, kwa hiyo stopa ikikosea hata 2 mm hutaona lolote. Tundu pana lina kazi yake halali: la kwanza unalitoboa jembamba, mengine kwenye bodi moja unayapanua ili uweze kusogeza kidogo wakati wa gundi. Lakini kuipima stopa kwa matundu mapana ni kumficha mwizi.

Jaribio la kweli ni hili, na halimalizi nusu saa. Chukua vipande viwili vya plaiwudi ya 18 mm, kila kimoja urefu wa 500 mm. Weka alama kwenye ncha moja ya kila kipande. Hiyo ndiyo ncha ya kuanzia. Tumia biti ya 5 mm, upana mwembamba kwa vipande vyote viwili (kitufe hicho kinageuzwa mashine ikiwa inazunguka, usikilazimishe ikiwa imezimwa). Kipande kimoja kitoboe usoni kwa kina cha 12 mm, cha pili ukingoni kwa 20 mm. Jumla ni 32, ulimi wa 5 kwa 30 unaingia na gundi inabaki na pa kukaa. Tundu la kwanza lipime kwa kugusisha kidole cha mashine yenyewe (pini yake ya kupimia) kwenye ncha ya kipande. Kisha funga stopa zote mbili kwenye alama ya 100 mm, kipande kimoja ukifanye kwa stopa ya kushoto, cha pili kwa stopa ya kulia, ncha ya stopa ikiingia kila mara kwenye tundu lililotangulia. Yakifika matundu matano, pima kwa rula ya chuma kutoka ukuta wa kushoto wa tundu la kwanza hadi ukuta wa kushoto wa tundu la tano. Inapaswa kuwa 400 mm.

Ukipata 401 kwenye vipande vyote viwili, mizani ya stopa imeandikwa vibaya, ila bodi zitafunga na kazi itasimama. Ukipata 400 hapa na 401.5 pale, rudisha mzigo palepale. Stopa za kushoto na kulia zinafanya kazi kama jozi: ukiunga rafu kwenye ubavu wa kabati, bodi moja unaifanya ukielekea kulia, nyingine ukielekea kushoto, kwa sababu zinatazamana. Tofauti ya 0.3 mm kati ya stopa mbili haionekani kwenye tundu la pili. Kwenye la tano imeshafika 1.2 mm, maana hatua ni nne na kosa linajumlishwa kila hatua. Fundi anapiga nyundo, ukingo wa mvule unapasuka, mteja analaumu mbao.

Tuwe waadilifu pia: stopa halali nayo hukosea kama hujaunganisha kifyonza vumbi, kwa sababu unga unaobaki kwenye kona ya tundu unaisukuma ncha ya stopa. Safisha kila tundu kabla ya kutoa hukumu. Na usichome mashine kwa haraka. Biti ya domino inazunguka huku ikiyumba kushoto na kulia, ukiiingiza kwa nguvu inakusogeza.

Kabla hata ya kutoboa, kuna mambo yanaonekana kwa mkono. Funga kikazio cha stopa, kisha tikisa mkono wake: mkono ukicheza, usiichukue. Ncha ya stopa ikiwa nene kuliko 5 mm, haitaingia kwenye tundu la biti ya 5. Skrubu za kuifunga zikigoma kuingia kwenye mashine, usitumie koleo. Ukiharibu nyuzi zilizo kwenye mwili wa mashine, hasara ni kubwa kuliko bei ya seti nzima.

Bamba la kupanua kitako lilaze pamoja na kitako chenyewe, weka rula ya chuma juu ya vyote viwili na utazame mwanga. Likizidi hata unene wa karatasi chache, mashine inainama na matundu yote yanakaa mshazari.

Stopa ya mbao nyembamba, ambayo kwa Festool inashika mbao za upana wa 22 hadi 70 mm ili tundu likae katikati, ina kipimo kizuri kisichohitaji hesabu nyingi. Toboa mwisho wa ubao, geuza ubao huohuo upande wa pili uwe juu, toboa tena mahali palepale bila kugusa stopa. Pima upana wa tundu kwa kalipa. Likiwa limepanuka kwa 1 mm, stopa iko nje ya katikati kwa nusu milimita.

Muuzaji huyu anasema pia kila kitu kinaingia "DF 500 na DF 700 bila shida". Si kweli. Stopa za pembeni halali zimeandikwa 500/700, lakini ile ndogo inayoleta katikati ya tundu kutoka 37 mm hadi 20 mm toka ukingoni ni ya DF 500. Biti za DF 500 hazifungi kwenye DF 700 bila adapta. Na akikuongezea mashine "iliyotumika kidogo Marekani", soma kibandiko cha umeme: ikiwa ni 120 V, ukiichomeka kwenye 240 V yetu inaungua.

Kuhusu pesa, mwombe apige picha ya namba ya kifaa kwenye boksi, pembeni yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo iliyoandikwa kwa mkono. Huyu hukataa, au hutuma picha ya zamani. Kabla ya kuweka PIN, jina la mpokeaji linaonekana. Lisipofanana na jina alilokupa, acha. Mlio mbali na Kampala, mtumeni fundi mnayemjua akajaribu kwa mikono yake, alipe baada ya kipimo cha 400 mm.

Aliyekwisha kutuma, pigia mtandao wako mara moja uombe muamala urudishwe kabla pesa haijatolewa kwa wakala. Hifadhi mazungumzo yote na ujumbe wa muamala, nenda kituo cha polisi ukaandikishe, na uhakikishe umepewa namba ya SD (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo). Kifaa alichokuletea usikitupe wala usikiuze kwa mwingine. Kipige picha kikiwa kando ya rula, uiweke picha hiyo kwenye kundi lenu.